Taa ya Saba

Mitsue Sonobe aliiweka lenzi chini ya taa ya meza, akaiinamisha kidogo kidogo, midomo yake ikihesabu bila sauti. Alipofika sita alisita. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa aproni, akaivaa tena na kuanza upya. Sita. Alifunga pazia ili mwanga wa asubuhi usimchanganye, akahesabu mara nyingine, kisha akakaa kitako juu ya mkeka na kuiacha chai yake ipoe.

Sisi wa Chama cha Lenzi cha Itabashi hatuamini maandishi. Jina lililochorwa kwenye pete ya mbele ya lenzi halituambii kitu, maana tapeli yeyote mwenye bisibisi anaweza kuifungua na kuifunga kwenye lenzi nyingine. Tunachoamini ni taa. Ukimulika lenzi kwa balbu moja, kila uso wa kioo kilichomo ndani hukurudishia kitaa chake, na pale vioo viwili vilipogandishwa pamoja kwa gundi hujitokeza kitaa hafifu mno, ambacho mwenye haraka hakioni. Ukivihesabu vyote unajua tumboni mwa lenzi mna nini, bila kugusa skrubu hata moja.

Lenzi ya Mitsue ilikuwa ya Kurehashi, kiwanda kidogo cha hapa hapa mtaani kwetu, kilichofungwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa na vioo viwili vilivyogandishwa upande wa nyuma. Baadaye kiwanda kikaona gharama ni kubwa, kikaweka kioo kimoja, na mwili wa nje ukabaki uleule. Hizo za baadaye zimejaa kwenye makapu ya vikorokoro kila duka la kamera kuukuu. Za mwanzo, zinazojulikana hazizidi vidole vya mkono mmoja, na dalili pekee ya kuzitambua ni taa ya saba, ile hafifu.

Mitsue aliitafuta taa hiyo tangu alipostaafu unesi wa shule. Tulimtania hadi tukachoka. Hirukawa, muuza samaki mwenye ulimi mkali kuliko visu vyake, alikuwa akimwambia, "Dada, olewa tu, mume ni rahisi kupata." Naye akijibu, "Mume hana dhamana ya taa." Msimu wa majani kupukutika aliipata kwenye kapu la vibovu, imejaa ukungu, pete zake zimekwama. Alikuja nayo mkutanoni. Tulihesabu sote, mmoja baada ya mwingine, na taa ya saba ilikuwepo, wala hakuna aliyebisha. Mwenyekiti wetu, Bwana Ubukata, alitoka nje akajifanya anavuta sigara, kumbe anafuta machozi.

Kisha Mitsue akaipeleka kwa kaka yake ikasafishwe. Yasuji Sonobe ndiye fundi wetu sote. Nyumbani mwangu hakuna lenzi ambayo hakuifungua. Aliirudisha inang'aa, imefungwa kwenye kitambaa cha pamba. Mitsue alimkumbatia, jambo ambalo watu wa rika lao hawalifanyi, akaenda nayo nyumbani na kuiweka kabatini. Hakuhesabu tena. Nani anapima chumvi aliyotia mama yake?

Sasa maonyesho ya baridi yalikuwa yanakaribia, kwenye duka kubwa la ghorofa karibu na stesheni. Kabati la kioo la katikati lilikuwa limetengwa kwa lenzi ya Mitsue peke yake, na watu wangetoka hadi Osaka kuja kuiona. Alikuwa ameitoa asubuhi ile ili tu kuipangusa vumbi.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Alivaa koti, akatembea hadi karakana ya kaka yake nyuma ya duka la tofu. Yasuji alikuwa mbele ya jiko la mafuta, akichoma vitumbua vya mchele. Mitsue aliweka lenzi juu ya benchi.

"Kaka, hesabu."

Yasuji hakuigusa. Alikigeuza kitumbua kwa vijiti, kikaanguka sakafuni, akakiacha huko huko.

"Sita," alisema.

"Ilikuwa saba."

"Ilikuwa saba."

"Kioo changu kiko wapi?"

Yasuji aliinua mikono yake akamwonyesha. Ilikuwa ikitetemeka, si sana, kama ya mtu aliyetoka tu kwenye baridi. Mitsue aliyekuwa nesi maisha yake yote alishangaa jinsi ambavyo hakuwa ameuona mtetemeko huo.

"Kilinitoka mkononi, kikapiga sakafu," alisema Yasuji. "Jioni ile ile ulikuja na keki. Ukasimama pale mlangoni ukicheka. Nikashindwa. Nikatoa kioo cha lenzi ya kawaida, nikakipachika. Nilijua hutaifunga kwenye kamera. Wewe lenzi zako hazipigi picha, zinalala tu."

"Kwa hiyo uliona mimi ni mjinga."

"Niliona unafurahi."

Mitsue alikasirika kiasi cha kutaka kuutupa mtungi wa mafuta dirishani. Aliniambia hivyo hivyo, bila kuona haya. Alikasirikia kioo, akakasirikia keki, lakini zaidi alikasirika kwa kuwa sasa angelazimika kuchagua. Akinyamaza, lenzi ingekaa kabatini na kadi yenye jina lake, na kila atakayeinama kuitazama angekuwa anatazama uongo. Akisema, kila mtu angejua ni mkono wa nani, maana Itabashi nzima hakuna fundi mwingine ambaye Mitsue aliwahi kumkabidhi lenzi. Na fundi aliyebadilisha kioo akanyamaza, hakuna atakayemletea hata kofia ya lenzi.

"Jumapili kuna mkutano," alisema. "Nitawaambia si ya mwanzo tena. Sitataja jina."

"Watauliza."

"Waulize. Mimi sitadanganya kuhusu taa, Kaka. Siwezi. Hiki ndicho kitu pekee ninachokijua."

"Najua huwezi," alisema Yasuji. "Tangu utotoni ulikuwa hivyo hivyo, unatia watu wazimu. Kula kitumbua, kimebaki kimoja."

Hakula. Alirudi nyumbani kwa hatua za haraka, na njiani, anasema, alilia mbele ya mashine ya kuuza vinywaji, akajifanya anatafuta sarafu.

Jumapili tulikutana kama kawaida ghorofani juu ya mkahawa, meza zimeunganishwa, taa za kuhesabia zimewashwa, maganda ya machungwa yametapakaa. Bwana Ubukata alikuwa ameleta kadi ya maonyesho, imepigwa chapa kwa karatasi nzito. Hirukawa alikuwa amechana nywele.

"Leo dada yetu ananukia sabuni," alisema. "Umaarufu umeanza."

Mitsue aliiweka lenzi mezani, akasimama. Nilimwona akikaza vidole kwenye ukingo wa meza, nikajua kuna jambo.

"Mwenyekiti, hiyo kadi usiitumie," alisema. "Lenzi yangu ina taa sita. Kioo cha nyuma kimebadilishwa."

Bwana Ubukata aliitazama kadi, kisha akamtazama yeye. "Tulihesabu sote, Bibi Mitsue. Zilikuwa saba."

"Zilikuwa. Imebadilishwa baadaye."

"Na nani?"

"Hilo sisemi."

"Bibi Mitsue, tuna haki ya—"

"Sisemi, Mwenyekiti. Hata mkinitoa chamani."

Ndipo tuliposikia ngazi zikilia, polepole, kwa mtu anayepumzika kila baada ya hatua chache. Yasuji aliingia na koti lake la kazi, mkoba wa vifaa begani. Hakumsalimu mtu. Alivuta kiti, akatandika kitambaa cheupe mezani, akaichukua lenzi mbele ya dada yake na kuanza kuifungua.

Sijapata kuona kazi ngumu kama ile. Bisibisi iliteleza, akairudisha, ikateleza tena. Skrubu moja ilibingirika hadi kwenye maganda ya machungwa, akaitafuta kwa kidole. Sisi tuliozoea kupokea lenzi zetu zikiwa zimekwisha kung'arishwa tulikuwa hatujawahi kumwona akifanya kazi, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Hatimaye kioo cha nyuma kilitoka. Akakiweka juu ya kitambaa. Kisha akatoa kikebe cha filamu mfukoni, akakifungua, na kando ya kioo kile kizima akamwaga kingine, kimepasuka vipande viwili, kila kimoja bado kina tabaka mbili zilizoshikana kwa gundi ya zamani iliyogeuka manjano.

"Hiki ndicho cha asili," alisema. "Kilinianguka. Hiki kingine nimekiweka mimi, nikanyamaza. Yeye hakujua mpaka juzi." Alifuta mikono kwenye suruali. "Basi."

Nilidhani mtu atamkemea, na pengine ingekuwa afadhali. Badala yake Hirukawa, bila kumtazama mtu, aliufungua mfuko wake chini ya meza. Alitoa lenzi, akaisogeza kwenye taa, akaiinamisha, na midomo yake ikaanza kuhesabu. Kisha mwingine akatoa yake. Kisha mwingine. Haikupita muda, meza nzima ilikuwa imeinama kwenye taa, wazee kwa vijana, kila mmoja na lenzi iliyopitia mikononi mwa Yasuji, wakihesabu kwa adabu, kimya, na yeye ameketi katikati yao akiangalia vipande vyake viwili. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

Nilimtazama Mitsue. Kati yetu sote hakuna anayehesabu kama yeye. Huhesabu taa za lenzi za wageni hata hawajaketi, huhesabu taa kwenye madirisha ya maduka akisubiri treni. Alikuwa amesimama akituangalia vichwa vyetu vilivyoinama. Uso wake ulibadilika. Sikuona hasira pale. Niliona mtu anayekiona kitu anachokipenda kikifanya jambo baya.

Aliufungua mkoba wake. Wote walidhani naye anatoa ya kuhesabu, na mtu mmoja akamsogezea taa. Aliisukuma pembeni. Lenzi aliyoitoa niliijua: kazi ya mwanzo kabisa ya viwanda vya baba zetu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kioo cha mbele kimevimba kama jicho la samaki, lenzi anayoipenda kuliko hata ile ya Kurehashi. Hajawahi kumpa mtu aishike.

Aliizunguka meza na kuiweka juu ya kitambaa cheupe, mbele ya kaka yake.

"Pete ya kulengea inakwama," alisema. "Tangu mvua zile. Niangalizie."

Yasuji aliitazama lenzi bila kuigusa. "Peleka kwa fundi wa kule mtaa wa Nakano. Mikono hii haitulii tena, Mitsue. Umeiona."

"Nimeiona."

Alivuta kiti, akaketi ubavuni mwake, akakunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko. Akaishika lenzi kwa viganja vyote viwili, akaikaza juu ya kitambaa.

"Nitaishika mimi," alisema. "Wewe fungua."