Kiti cha Mama Juu ya Injini

Kwa miaka kumi na minane mama yangu, Leonia, alitoka Mwandiga kwenda kuuza maharage sokoni Mwanga akiwa amekaa juu ya kifuniko cha injini ya basi, ubavuni kwa dereva Thobias. Joto lile lilimtuliza maumivu ya nyonga, na njia nzima walitukanana kwa utani hadi abiria wakasahau baridi ya asubuhi. Nilipokuwa mchanga nililazwa palepale. Utoto wangu wote unanukia dizeli.

Jana yaliletwa mabasi ya umeme. Niliyasifia kwa kifua mbele: hayana moshi, hayana kelele. Leo mama alipanda, mimi nyuma yake, akapapasa sakafu karibu na dereva.

"Thobias, umeificha wapi injini yangu?"

"Haipo, dada. Wameniwekea kioo cha kunitenga, abiria mkae nyuma."

"Yaani umepata basi jipya ukanifukuza!"

Abiria wakacheka, lakini mama hakuketi. Nikamwambia kwa ukali kwamba viti viko tele.

"Viti nimeviona," alijibu. "Nitamtukana nani hadi Mwanga?"

Thobias akafungua kidirisha cha kioo. Mama akasimama pale, nyonga ikimuuma, akamtukana mpaka sokoni, nami nikamshika kiuno asianguke.