Kunjo la Tisa

Sindano ilipita kwenye mgongo wa karatasi ikatokea kidoleni mwa mshonaji, wala hakuihisi. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye nyundo. Ukurasa wa mia moja arobaini na nne ulikuwa unakwisha, na mhunzi, yule yule aliyemjua tangu riwaya ya kwanza ya mwandishi huyu, alikuwa amemkanyaga mkewe shingoni, mkono wa kulia umekwenda juu na nyundo. Hapo kunjo likaishia. Tone la damu likaangukia pambizoni.

Katika karakana ile ya kujalidi vitabu, kila karatasi kubwa ilikunjwa ikawa kurasa kumi na sita, wenyewe wakaiita kunjo. Makunjo hayakuja kwa zamu. Mtambo ulichapa lililokuwa tayari. La tano likitangulia la kwanza, hakuna aliyeshangaa. Msimamizi, waliyempachika jina la Mzee Gundi kwa kuwa akimkalia mtu habanduki, alimwambia kila mgeni neno moja: kitabu hakina mwisho mpaka kishonwe. Mshonaji alilijua hilo kama jina la mama yake. Na bado aliteleza.

Miaka miwili nyuma alimsomea dada yake riwaya ile ya kwanza, kila Jumapili alipokwenda kumtembelea, maana dada hakujaliwa kusoma. Mke wa mhunzi alipopigwa, dada alijishika ubavu. Mke wa mhunzi alipobeba nguo zake mbili na kufunga mlango nyuma yake, dada alitaka asomewe tena hapo. Kesho yake alitokea chumbani kwa mdogo wake na nguo mbili, jicho moja limefumba kwa uvimbe, akasema, "Na mimi nimefunga wangu."

Sasa mwandishi alikuwa amewarudisha watu wale wale katika kitabu kipya, na dada alizipokea habari hizo kama za ndugu aliyepotea. Siku zizo hizo shemeji naye alikuwa akituma watu wazima wamwombee msamaha. Alikuwa mwashi, mtu aliyezoea kuligonga tofali mpaka likae atakavyo. Wajumbe walisema amekonda, amejuta, hata sauti imeshuka.  Kila jioni dada alimuuliza mdogo wake swali moja tu: mwenzangu wa kitabuni kafikia wapi?

Juzi kunjo la tano ndilo lililotoka. Ndani yake mhunzi alipiga magoti, akalia viganjani mwa mkewe, wakarudi nyumbani pamoja. Mshonaji alilisoma lote kwa sauti. Hakusema kwamba yaliyosalia hayajachapwa. Na tuseme kweli: godoro lilikuwa moja, naye alikuwa amechoka kuamshwa na ndoto za mwenziwe.

"Kumbe chuma hulainika," dada alisema. Leo asubuhi alikuwa akikunja nguo zake mbili.

Mshonaji alichomeka sindano yake ndefu kwenye ukosi wa blauzi, akalificha kunjo la tisa kifuani, amwahi dada yake. Mzee Gundi akamzibia mlango.

"Unalipwa kushona, mwanangu, hulipwi kulia. Wapi?"

"Nimekosea mpangilio, mzee."

Mzee aliitazama damu kidoleni, kisha uso, akasogea pembeni.

Huko kwake, shemeji alifungua mlango kiasi cha uso wake tu. Sauti kweli ilikuwa imeshuka. Alimkaribisha kwa adabu, akamweleza kuwa dada yake amepumzika, apite kesho. Ndipo nyuma yake kikasikika kitu kama mnyama anayejaribu kutolia.

Alisukuma kwa bega. Shemeji alimdaka nywele, akamgongesha ukutani mara mbili, bila haraka, kama anayejaribu ugumu wa lipu. Kupitia damu iliyomshukia machoni alimwona dada amepiga magoti kwenye mlango wa chumba, vidole vinne vya mkono wa kulia vimebanwa kwenye bawaba.

"Si hodari wa kufunga milango?" shemeji akasema. "Tunafundishana."

Akanyoosha mguu kuusukuma mlango tena. Mshonaji aliichomoa sindano ukosini, akaizamisha pajani mwa shemeji mpaka vidole vyake vikagusa suruali, akaivuta, akaizamisha tena, kisha akaichomoa na kuirudisha ukosini. Mwashi alianguka kama kiunzi kilichong'olewa kigingi. Dada alijinasua mlangoni, ngozi ilibaki. Nguo mbili walimwachia.

Chumbani mwao walizungusha ufunguo, wakaisogeza meza. Dada aliufunga mkono kwa kitambaa, akaketi godoroni.

"Nimekuponza," mshonaji akasema. "La tano halikuwa mwisho. Nilijua."

Dada alikaza fundo la kitambaa kwa meno. "Soma lililobaki."

"Dada, si leo."

"Soma, mdogo wangu. Nilikwenda na nusu."

Akalitoa kifuani, limelowa, akasoma. Kila tusi la mhunzi alilisoma, kila teke, mpaka kisigino shingoni, mpaka mkono juu. Kunjo likaishia.

"Halafu?"

"La kumi halijachapwa."

Huko koridoni mlango uligongwa kwa adabu. Sauti ya chini iliuliza kitu, jirani akajibu. Kisha hatua, moja nzito, moja ya kuburuta. Mlango mwingine ukagongwa.

Dada alinyoosha mkono wa kushoto, akaichomoa sindano kwenye ukosi wa mwenziwe.

"Nifundishe kuishika," akanong'ona. "Kwa mkono huu."

Mshonaji akamkunjia vidole juu ya chuma, kimoja kimoja, akivikaza kama akazavyo mkunjo wa karatasi. Hatua zikaja tena. Katika korido ile ulikuwa umebaki mlango mmoja.