Kilio cha Selestini Shambani Simbo

Selestini alikuwa na cherehani mbili sokoni Mwanga na mdomo uliofanya kazi kuliko zote mbili. Mdomo huo ndio alioutegemea siku wazee wa baraza walipofika Simbo kuamua kama shamba la marehemu baba yake ni lake au la dada yake, Leonia. Hati hakuna, wosia hakuna. Kwao, aliyemzika mzee na kulitunza kaburi ndiye mwenye shamba.

Tatizo, Selestini hakuwapo mazikoni. Mwaka ule Warundi walikuwa wakimiminika kukimbia vita kwao, nguo za mitumba zinataka kupunguzwa, hela inaingia. Akatuma rambirambi, akasema atakuja arobaini. Hakuja. Lakini kaburi la baba mtu litapoteaje, alijisemea, fundi mzima anayepima kiuno cha mteja kwa macho?

Akawatangulia wazee kwa madaha, koti limenyooka. Penye michikichi akaona tuta lenye msalaba wa mti, limepaliliwa vizuri. Hapo hapo akapiga magoti.

"Baba, mwanao nimekuja!"

Akalia, kamasi na vyote. Na katikati ya uongo ule kilio kikageuka cha kweli, maana alimkumbuka mzee akiuza mbuzi wake ili amnunulie cherehani ya kwanza. Alimkumbuka sana. Akalia mpaka akajionea haya.

Alipoinua kichwa, wazee walikuwa wanatazama miguu yao. Leonia alikuwa amesimama kule migombani, kando ya kaburi jingine.

"Baba yuko huku, kaka," alisema taratibu.

Mzee Hamdani, mwenyekiti, akakohoa kuficha kicheko, akashindwa. Shamba likawa la Leonia pale pale. Selestini angebisha kwa uso upi? Angekuwa yeye mwenyekiti, angejinyang'anya na cherehani.

Alikuwa anajipangusa magoti aondoke zake, Vénérande akamsogelea. Huyu alikuwa mkimbizi aliyelima kipande cha shamba hilo kwa ruhusa ya Leonia, na Selestini alikuwa ameapa kumfukuza mara tu akishinda.

"Uliyemlilia ni mume wangu, Harerimana," alisema. "Tulimzika mimi na dada yako tu. Sikuwa hata na nguvu za kulia. Asante, kaka."

Selestini alitaka kumwambia kwamba alikuwa akililia shamba. Badala yake akamshika mkono, akampa pole.