Chumba Namba Saba

Wananiita Bi Kelele, na jina hilo sijawahi kulikataa. Ukumbi huu wa maonyesho ya biashara nimeusafisha miaka kumi na mmoja, tangu shangazi yangu aliponileta kwa msimamizi akasema, "Huyu ana mdomo, ila kazi anaijua."

Shangazi ndiye mkubwa wetu hapa. Mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, na kliniki wakamwambia kila mchana avue viatu, ainyanyue miguu nusu saa, la sivyo ataacha kazi atake asitake. Avulie wapi? Wanawake tisa tulikuwa tunakula tumekalia ndoo zilizopinduliwa, kwenye korido nyuma ya vyoo, huku wabeba mizigo wakipita na matoroli na kutufokea tusogee. Msimamizi naye alishamwambia wazi: maonyesho yajayo ni ya siku tano, akishindwa kusimama hadi mwisho, nafasi yake atapewa mwingine.

"Nitasimama," Shangazi alijibu. Lakini nilimwona akipanda ngazi ameshika ukuta, na roho iliniuma.

Sasa sikia vituko. Pale mlango mkubwa wameweka ripoti ya utunzaji wa mazingira na ustawi wa wafanyakazi, imekaa ndani ya kioo kama picha ya harusi. Jumatatu nilikuwa nafuta alama za vidole kwenye kioo hicho, nikasema ngoja leo niisome. Juu imeandikwa: mazulia ya maonyesho hayatupwi hata kipande, yote huhifadhiwa Chumba Namba Saba yatumike tena. Haya, safi. Nikashuka chini kidogo: wafanyakazi wa usafi wana mahali pao pa kupumzikia, Chumba Namba Saba.

Nikarudia kusoma. Loo! Chumba hicho ninakijua. Mazulia yamebanana humo hadi darini, yametandikwa siku tatu tatu kisha yakakunjwa na kusahaulika. Kuyatupa ni kweli hawakuyatupa. Walitutupia sisi.

Nilienda moja kwa moja kwa meneja, kitambaa cha kufutia kikiwa bado mkononi. Sisi tunamwita Bwana Kijani, maana tangu arudi kwenye semina ya mazingira hajavaa tai ya rangi nyingine. Si mtu mbaya. Ni mwoga tu.

"Bosi, chumba kimoja kinakaaje mazulia na watu?"

Akafunga mlango haraka. "Taratibu, dada yangu. Mkaguzi wa ripoti hiyo anakuja Alhamisi. Tukikosa cheti, waonyeshaji wakubwa watahamia kwingine, na mimi na wewe tutakosa kazi. Mazulia tutayatoa nje siku moja, tutaweka viti, ninyi mtakaa humo mkitabasamu. Akiondoka, tunayarudisha."

"Yaani tukaigize kupumzika?"

"Siku moja tu!"

Damu ilinichemka, lakini kwa mara moja maishani mwangu nikafunga mdomo. Nikamwambia, "Mazulia tutayatoa wenyewe." Alifurahi huyo! Hakuuliza hata tunayapeleka wapi.

Mchana ule, pale kwenye ndoo zetu, niliwaambia wenzangu: yakitoka hayarudi. Tukiyaficha nyuma ya jengo, Ijumaa yatakuwa ndani tena na Shangazi atakuwa kwenye ndoo. Kwa hiyo lazima yapate kazi, kazi ya kweli, kabla ya Alhamisi. Hakuna aliyebisha. Tukainuka, tukamfuata fundi wa vibanda.

"Kila mwonyeshaji anataka rangi yake kwenye kibanda," fundi akasema. "Hayo yenu hawayataki."

"Na njia za kupitia wageni? Nazo zina mwenyewe wa kuchagua rangi?"

Akakuna kichwa. "Njia ni kijivu siku zote. Kesho nilikuwa niagize mapya."

"Usiagize. Yetu mengi ni kijivu."

"Yamechafuka."

"Baba, unaongea na nani?"

Akacheka, akakubali. Kwa sharti moja: Jumatano jioni yawe yametandikwa, yamenyooka, bila hata pengo.

Tulifanya kazi, we acha tu. Kazi zetu za kila siku zilikuwa palepale, na hii juu yake. Tuliyaburuta mazulia uani, tukayasugua kwa mashine ya sakafu, tukayaanika kwenye vyuma vya uzio. Tepu ya kupimia hatukuwa nayo, na mafundi hawaazimi tepu hata kwa mama zao, basi tukapima kwa tulichonacho. Upana wa njia ulikuwa sawasawa na mipini mitatu ya fagio. Tukagawana makundi mawili, tukakata.

Jumatano saa nane tukatandika. Upande wa kushoto, safi kabisa. Upande wa kulia, kila kipande kimepungua shibiri tatu, sakafu imebaki wazi kama meno yaliyong'oka.

"Nani kapima huku?" fundi akauliza.

Tukatazamana. Kundi la pili lilitumia zile fagio mpya. Na fagio mpya, jamani, mipini yake ni mifupi. Kila mmoja wetu amelalamika mgongo tangu ziletwe, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka! Nilitaka kulia. Nilikaa chini kabisa, nikaona Alhamisi imeshatupita.

Shangazi ndiye aliyetuinua. Alikuwa ameegemea nguzo, miguu inamuuma hadi usoni. "Mazulia mekundu yako wapi?" akauliza. "Jazeni mapengo kwa mekundu. Halafu wekeni mekundu na kule kushoto, hata pasipo na pengo. Watadhani ni mtindo."

Saa kumi na mbili fundi alizunguka ukumbi mzima, akagonga kwa kiatu hapa na pale. Hakupata pa kutia neno.

Mkaguzi alikuja, mama mfupi mwenye kalamu na maneno machache. Kwenye ukumbi alisimama. "Mistari hii mekundu ni ya mbunifu gani?"

Bwana Kijani akatoa macho. Nikamjibu mimi, "Ni ya fagio, mama," na nikamweleza yote, na mipini yenyewe. Alicheka, kisha akainama akagusa zulia, akaandika.

Ndipo tukafika Chumba Namba Saba. Viti tisa, meza, na maua ya plastiki. Mkaguzi akatazama karatasi yake. "Huwa mnapumzika hapa kila siku?"

Nyuma yake Bwana Kijani alitikisa kichwa juu chini, akinisihi kwa macho. Nami niliogopa, sitaki uongo. Cheti kikienda, maonyesho yanaenda, na kazi ya Shangazi inaenda nayo. Lakini nikisema ndiyo, wiki ijayo watajaza humu mabango, wiki nyingine makabati, na karatasi itasema tunapumzika.

"Hapana, mama," nikasema. "Hadi Jumatatu humu mlijaa mazulia. Ripoti imekihesabu chumba kimoja mara mbili. Mazulia umeyakanyaga kwa miguu yako. Kupumzika tumeanza leo. Naomba uandike leo."

Mkaguzi akamgeukia meneja. "Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema.

"Na kesho?"

"Na kesho."

"Na siku za maonyesho?"

Akaitazama tai yake. "Na siku za maonyesho," akajibu shingo upande. Mkaguzi akaandika neno kwa neno, akamgeuzia karatasi atie sahihi.

Alipoondoka, Bwana Kijani alinivaa. "Umenivua nguo mbele ya mgeni!"

"Ulijivua mwenyewe pale mlangoni, bosi, ukatia na kioo."

Cheti tulipewa, na maonyesho yakafunguliwa Jumamosi, watu tele. Saa sita na nusu mchana mlango wa Namba Saba ukasukumwa, Bwana Kijani akaingia na rundo la mabango kifuani. "Nayaweka hapa kidogo tu, dakika..."

Shangazi alikuwa amevua viatu. Miguu yake, iliyovimba na kung'aa, ilikuwa juu ya kiti cha pili, na alama za kamba za viatu zimezama kwenye nyama. Miaka kumi na mmoja kazini, mimi mwenyewe sikuwahi kuiona bila viatu. Hakuishusha.

"Mwanangu," akamwambia kwa upole, "nimebakiza dakika ishirini. Ukitoka, tuvutie mlango."

Akatoka na mabango yake. Mlango akauvuta polepole, asiubamize.