Hapana ya Golnar

Bwana Astier aliingia na kopo la rangi kabla Golnar hajaanza hata kufungasha. Hakuwa na ugomvi naye, alisema, ila Juni imeingia na watalii wanakuja. Nice, mji wa pwani, ndivyo ulivyo: mwanafunzi anapangishwa chumba kuanzia Septemba, jua likikolea anatolewa nje ili mgeni wa wiki moja alale palepale kwa bei ya kuruka. Na wenyewe hawaoni haya. Eti ndio utaratibu.

"Jumamosi nataka ufunguo," alisema mwenye nyumba. "Usininunie, dada. Septemba rudi."

Septemba! Mtihani wa Kifaransa ulikuwa Julai, na bila mtihani ule chuo cha uuguzi kisingempokea. Bila chuo, kibali cha kukaa kingekwisha, naye angerudi kwao Kermanshah kwa kaka yake Houshang. Huyo alimwambia uwanja wa ndege, mbele za watu, kwamba mwanamke aliyeachika akishindwa ugenini atarudi kumfulia na kumpikia yeye mpaka azikwe. Golnar alimjua kaka yake. Yule hatanii.

Alizunguka mji mzima akitafuta pa kujisitiri, akaambulia patupu. Ndipo Bi Honorine Giordan alipomwita.

Bi Honorine alikuwa mjane wa ghorofa ya kwanza katika jengo lilelile, miaka themanini na ushei. Mwalimu darasani alihangaika na vitenzi. Kifaransa chenyewe, kile cha kugombana na muuza samaki, Golnar alikipata kwa bibi huyu. Kila Alhamisi walikula pamoja chapati ya unga wa dengu iliyojaa pilipili manga, na bibi akimcheka matamshi yake.

Jumatatu hiyo bibi hakucheka. Alifuta meza ambayo ilikwisha kufutwa.

"Nasikia Astier anakutoa. Chumba cha marehemu mwanangu kipo wazi. Njoo ukae na mimi."

Golnar nusura amrukie kwa furaha. Lakini kwao mtu hapokei mara ya kwanza, hata kama ni kikombe cha chai. Unakataa, mwenyeji anakung'ang'ania. Unakataa tena, anakuapia. Mara ya tatu unakubali huku umeinamisha macho. Anayedaka papo hapo ni mlafi aliyekosa malezi, na Golnar malezi aliyapata.

"Hapana, mama. Nitakusumbua bure."

Bibi alimtazama kidogo. "Haya. Kama hutaki, hutaki."

Akaondoa sahani. Golnar akangoja. Alingoja kahawa ichemke, akangoja akivaa viatu, akazifunga kamba polepole na kuzifungua na kuzifunga tena. Bibi akamfungulia mlango.

Kesho yake alimsimulia Darina, Myukraine waliyekaa naye dawati moja, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno.

"Umemwambia nini? We Golnar, una wazimu?"

"Nilikuwa na adabu."

"Adabu utaitandika ufukweni, juu ya kokoto! Hawa ukiwaambia hapana wanasikia hapana, basi. Nenda kamwombe, tena leo!"

Akaombe kitu alichokikataa kwa mdomo wake? Aibu ilimfunga miguu. Kila alipofika mlangoni kwa bibi mkono ulikuwa mzito kubisha, na Alhamisi ikapita bila chapati. Jumamosi asubuhi, ufunguo ukiwa umekwisha kurudishwa kwa Astier, aliburuta sanduku lake ngazini akabisha.

Alifungua mwanamume, Gilles, mpwa wa bibi.

"Shangazi anahama leo. Anakwenda nyumba ya wazee, kule milimani," alisema. "Ameshaanguka bafuni, sitamwacha tena peke yake. Nilimwambia, ukipata mtu wa kuishi naye, baki. Akaniapia kwamba anaye. Kumbe hakuna mtu."

Bi Honorine alikuwa nyuma yake, amekaa kitini na koti la baridi katika joto lile.

"Mama, kwa nini hukuniambia?" Golnar aliuliza.

"Nikuambie nini? Nikubembeleze? Na mimi nina kiburi changu, mwanangu. Nilidhani nimekuchosha."

"Nilitaka kuja. Nilikuwa nangoja unilazimishe."

"Nikulazimishe?" Bibi alimkazia macho. "Mtu mzima analazimishwa? Nilikesha nalia. Ungesema ndiyo tu."

Golnar akamgeukia Gilles. "Mimi hapa. Nitakaa naye. Kuanzia sasa hivi, nakuomba."

Gilles alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Nimeshaipangisha nyumba hii, dada. Mpaka Septemba. Wageni wanafika saa kumi jioni."

Wakamshusha bibi ngazi wakimshika huku na huku. Alipokwisha kuketi garini aliteremsha kioo.

"Utakuja kunitazama?"

"Ndiyo," Golnar alijibu kabla swali halijaisha. "Ndiyo, mama, ndiyo."

Gilles akaliondoa gari. Lilipokata kona akakumbuka kwamba hakuuliza hiyo nyumba ya wazee inaitwaje. Akakaa juu ya sanduku lake kando ya barabara, akalia kwa sauti, na watu wakampita na taulo zao wakienda kuogelea.