Sebule ya Wageni, Gereji ya Wenyewe

Tegan ni mpambaji wa nyumba zinazouzwa. Jumatatu alikuja kwangu, akasimama kwenye mlango wa gereji, akanusa.

"Bi Karmena, humu mnakaanga vitunguu?"

"Tangu mwaka sabini na moja," nikamwambia, "na hajafa mtu."

Binti yangu Rita akanifinya mkono. Yeye ndiye aliyemleta msichana huyu. "Ma, harufu ya vitunguu inashusha bei. Nyamaza kidogo basi."

Ndiyo, tunapika gerejini. Wamalta wote tuliohamia huku ng'ambo, mtaa wa Sunshine, ndivyo tulivyo. Ndani kuna jiko zuri lenye vigae vya bluu ambalo halijawahi kurukiwa na tone la mafuta, na sebule ambayo makochi yake nimeyavua plastiki mara tatu tu: ubatizo wa Rita, harusi ya Rita, na siku padri alipokuja kutubariki. Ndani ni pa wageni na pa kulala. Mengine yote, kula, kugombana, kuchemsha nyanya za mwaka mzima na kuzitia kwenye chupa, tuliyafanyia gerejini, mimi na mume wangu Salvu, chini ya picha ya Bikira Maria iliyoingia masizi.

Sasa Salvu kumbukumbu zimemtoka. Mwezi wa saba polisi walimkuta katikati ya barabara kuu na kandambili, mvua inamnyeshea. Mimi nyonga yangu ni ya chuma, siwezi kumkimbiza mtu. Kwa hiyo nyumba iuzwe kwa mnada Jumamosi, Salvu aingie makao ya wazee Jumatatu, nami nihamie chumba mkabala na makao hayo. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, nikakubali kila nililoambiwa. Moyoni niliomba jambo moja tu: mpaka Jumatatu hiyo awe bado ananiita Karmena. Wiki ile jina langu alikuwa bado analo.

Jumanne lori likaja. Vitu vyetu vikasombwa vyote, vikarundikwa gerejini mpaka darini, maana wanunuzi, alisema Tegan, hawatakiwi kuona jiko la gerejini. Mlango ukatiwa kufuli, ufunguo ukaingia mkobani mwa Rita. Ndani yakaletwa makochi meupe ya kukodi, mito kumi na moja, bakuli la ndimu zisizoruhusiwa kuliwa, na picha ya farasi pale ilipokuwa picha yetu ya harusi. Sijui farasi yule alimwoa nani.

Jumatano Salvu akaniuliza, "Samahani bibi, wenye nyumba wanarudi saa ngapi?"

"Wenye nyumba ni sisi, Salvu."

Akacheka kwa adabu, vile unavyomchekea mtu usiyemjua. "Basi nisindikize nyumbani. Mke wangu ananingoja."

Alhamisi hivyo hivyo. Ijumaa akalia. Niliirudisha picha ya harusi ukutani, Tegan akaishusha. Nilivaa lile gauni langu la maua, nikajipaka marashi aliyokuwa akininunulia kila Krismasi, nikakaa karibu naye. Akasogea pembeni. "Wewe ni mtu mwema," akasema, "lakini mimi nina mke." Nikaingia bafuni nikauma taulo nisisikike. Na taulo lenyewe la kukodi.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Jumamosi walikuja wageni zaidi ya hamsini, wakafungua makabati yangu, wakagonga kuta zangu, na mwenyeji hakupona. Mwenye nyumba hatakiwi kuonekana siku hiyo, na Rita alikuwa amekwisha kutuingiza kwenye gari. Lakini alipoinama kutafuta miwani, Salvu akashuka, akapanda njia ya mlangoni, akajipanga foleni na wanunuzi. Dalali, kijana anayeitwa Jarrod, aliyekuwa akiandika majina mlangoni, hakuinua hata macho. Akaandika: Salvu Grixti.

Nilimkuta jikoni, anapapasa vigae vya bluu alivyovibandika kwa mikono yake mwenyewe.

"Nyumba nzuri," akaniambia, "ila haitufai. Mke wangu hataipenda."

"Kwa nini?"

"Nusa mwenyewe. Humu hapiki mtu."

Hapo ndipo nilipojiona mjinga wa mwisho. Wiki nzima nilikuwa ninahangaika kumrudishia Salvu nyumba ambamo kamwe hakuishi. Kwake ni gerejini, na ile kufuli niliikubali kwa mdomo wangu.

Nikamshika Salvu mkono, nikatoka naye nje. "Rita, nipe ufunguo wa gereji."

"Ma, mnada unaanza sasa hivi! Kule kumejaa makorokoro, watu wataona."

"Ufunguo!"

"Nyumba isipouzwa leo, nafasi ya Baba anapewa mwingine. Ndivyo unavyotaka?"

Sikutaka hivyo. Nilimtaka mume wangu. Nikachukua sepetu iliyoegemea mtini, nikaipiga kufuli mpaka ikang'oka, wanunuzi wakichungulia dirishani na Jarrod akiwatuliza: "Ni mafundi tu hao, msijali."

Nikaburuta maboksi, nikatoa viti viwili na meza, nikawasha jiko. Nilipata kitunguu kimoja kilichokwisha kuota majani, chupa ya nyanya za Februari, na nusu pakiti ya makaroni. Mafuta yakaanza kulia. Rita, aliyekuwa amemshika baba yake mkono, akaja naye haraka.

"Ma! Vitunguu! Watu wote wako pale mbele!"

Kisha akamtazama Salvu. Alikuwa amesimama kizingitini, kichwa amekiinua, ananusa. Rita akamwachia mkono, akarudi nyuma, akatufungia mlango taratibu.

Salvu akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake bila kuonyeshwa. Akavuta droo ya meza, akatoa uma wake wenye jino lililopinda, akaufuta kwenye shati.

"Karmena," akasema, "mbona leo chakula kimechelewa hivi?"

Nikalia waziwazi mbele yake, wala sikukisingizia kitunguu. Nikampakulia. Akala kwa pupa, mchuzi ukimchuruzika kidevuni, akanisimulia habari za bosi wake wa kiwandani aliyefariki miaka ishirini iliyopita. Mimi nilimsikiliza kana kwamba habari zenyewe ni za jana.

Sauti ya Jarrod ikatufikia kutoka barabarani. "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu... imeuzwa!" Watu wakapiga makofi.

"Kuna nini huko?" Salvu akauliza.

"Kuna watu wanauza nyumba yao."

Akauweka uma chini. "Wazee?"

"Wazee."

"Maskini," akasema. "Na sasa watakwenda wapi, Karmena?"

Nikamwongezea mchuzi.