Mti wa Mpaka wa Kambale

Kambale hakuwa mtu wa kuficha jambo, ila hili alilificha wiki nzima, kisha akalitoa mezani Jumapili baada ya ibada, vinywa vya watu vikiwa vimejaa ugali: amenunua ardhi. Si nyumba, si gari. Ardhi, tena ya msituni, huko Hälsingland, mwendo wa saa nne kaskazini mwa Stockholm, mahali ambapo hata basi halifiki. Yeye mwenyewe ni dereva wa basi, kwa hiyo hilo la mwisho alilitamka kwa fahari.

Denise, mkewe, aliacha kutafuna.

"Papa Heshima, umenunua pori?"

"Shamba."

"Uliliona?"

Aliliona, ndiyo, mara moja, mwezi wa kumi, siku ya ukungu mzito, muuzaji akimwonyesha kwa kidole kutoka barabarani. Tena alikuwa na ramani. Ramani yenyewe ilikuwa nakala ya mashine, nyeusi na nyeupe, lakini msitu ulionekana vizuri, umejaa vidoadoa, na pembeni mwake kulikuwa na eneo kubwa jeupe lisilo na hata kidoa kimoja. Hapo ndipo Kambale alipoyaona maharage yake. Aliyaona mpaka yakachanua.

Tuelewane kabla hatujamcheka. Mtu ni Mnande wa Kongo, amezaliwa Lubero, kwenye vilima ambako hata mtoto anajua shamba la baba yake linaishia wapi. Vita vikamtoa huko. Akaja kuishi Husby, kitongoji cha Stockholm, miaka na miaka, kwenye ghorofa ya kupanga, asiruhusiwe kupigilia msumari ukutani bila kuuliza. Mtu huyo akipata nafasi ya kusema "hapa ni kwangu", akili humruka kidogo. Kambale ilimruka sana.

"Nitaenda kuliona mara moja," Denise akasema. "Roho yangu ikilikataa, unauza mbele ya Pasaka. Na hatutaongea tena."

Kambale akakubali. Alimjua mkewe, alipopunguza sauti namna ile hakuwa na mchezo.

Wakatoka Jumamosi moja ya Februari, mwaka 2010, baridi ikiwa ya kukata masikio. Gari lilikuwa la Onesphore, kaka yake Denise anayekaa Tumba, aliyejitolea kuendesha kwa sababu, alisema, kichekesho cha namna hii angekilipia hata kiingilio. Binti yao Heshima alijibu kwa Kiswidi kwamba ana mtihani, akafunga mlango wa chumba chake.

Kiti cha nyuma, ubavuni mwa Denise, alikaa abiria wa nne: mmea ndani ya chungu, umefunikwa blanketi mbili na kufungwa mkanda wa gari. Kwao Kambale, shamba halijawa lako mpaka upande mti wa mpaka mbele ya mkeo na jirani, kisha mnywe pamoja. Na mti wenyewe, ule wa majani marefu yenye ncha, Waswidi wanauuza kama pambo la sebuleni. Kambale aliununua dukani Kista.

"Shemeji, mgonjwa anaendelea namna gani?" Onesphore aliuliza kila walipopita kituo cha petroli.

"Endesha gari," Kambale alimjibu.

Waliliacha gari kando ya barabara, wakaingia msituni kwa miguu, theluji ikiwafika magotini. Kambale alitangulia amekumbatia mmea wake, Onesphore akafuata na sepetu. Denise alikuwa akiangaza huku na huku kati ya miti, na hilo lilimtia Kambale hofu kuliko baridi. Denise ni wa Idjwi, kisiwani katikati ya ziwa Kivu, ambako huwezi kupiga chafya bila jirani kukuombea afya.

"Majirani wako wapi?" akauliza hatimaye.

"Watakuja."

"Toka wapi, Papa Heshima? Juu ya miti?"

Kabla hajapata jibu, miti ikaisha. Mbele yao likafunguka lile eneo jeupe la kwenye ramani, pana, tambarare. Kambale akasimama katikati yake na machozi yakamlengalenga, wala hakuyaficha.

"Mama Heshima, angalia! Hata jiwe moja haiko! Hapa maharage. Pale viazi. Nyumba tutaiweka hapa katikati."

"Na kilima?" Onesphore akasema. "Mnande bila kilima utalala namna gani?"

Kambale alikwishashika sepetu. Theluji ilitoka kwa urahisi, kisha chuma kikagonga kitu kigumu. Akapiga tena. Akavua koti, akapiga kwa nguvu zake zote.

"Chini iko mwamba," akatangaza, jasho likimtoka. "Ni vizuri. Nyumba itakamata."

Akausimamisha mmea, akaushindilia theluji pande zote. Majani yalikwisha kulegea na kugeuka rangi. Denise alikuwa amekunja mikono, na uso wake ulisema Pasaka i karibu.

Ndipo akatokea mzee mmoja kutoka ng'ambo, akisukuma kiti chenye reli za chuma kinachoteleza juu ya theluji, kimebeba ndoo na keekee. Akawasalimu, akasema anaitwa Mikael na nyumba yake iko nyuma ya ile miti. Akautazama mmea. Akaitazama sepetu. Kisha, kwa kuwa si mtu wa kuuliza watu mambo yao, akachukua keekee yake ndefu, akatoboa hapo hapo chini, na Kambale akaona maji yakipanda katikati ya maharage.

"Samahani," Kambale akasema kwa Kiswidi, kwa ile adabu anayoitumia kwa abiria wasio na tiketi. "Mbona unachimba kisima kwenye shamba langu?"

"Shamba?" Mikael akafikiri kidogo. "Hili ni ziwa. Ardhi yako ni ile." Akaonyesha nyuma yao: mawe na misonobari, mpaka ukingoni.

Mzee hakucheka. Onesphore akacheka kwa niaba yake, akakaa chini kwenye theluji, akashindwa kuinuka.

Kambale alitamani barafu ipasuke immeze. Aibu ilimjaa mpaka masikio yakapata moto. Angemtazamaje Denise sasa? Akageuka polepole.

Denise hakuwa anamtazama. Alikuwa amepiga magoti kwenye tundu, amevua glavu, mkono umezama ndani ya maji.

"Mama Heshima, baridi itakukata mkono!"

Hakusikia. Alikuwa akinusa vidole vyake. Maji ya Stockholm aliyaona kila siku dirishani mwa treni, lakini yalikuwa ya wengine, na hakuwahi kuyagusa.

"Kuna samaki gani?" akamuuliza Mikael.

Mzee akamfunulia ndoo. Vilikuwa vijisamaki vya jana, vimeganda.

"Onesphore, acha kucheka, kuja uone! Mama angewaanika hawa juu ya mawe yale pale, pamoja na samaki zake za sambaza."

Mikael akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akampa Denise. Denise akanywa, akampa mumewe.

"Kunywa. Jirani ndiyo huyu."

Kisha akaung'oa mmea mwenyewe, akaubeba mpaka ukingoni, akausimamisha kati ya mawe mawili.

"Imekwisha kufa," Onesphore akasema.

"Hata kama. Jirani ameiona."

Wakati wa kurudi garini, Kambale alimfuata mkewe nyayo kwa nyayo. Alitaka kuwa mkweli.

"Mama Heshima, vraiment, kweli, mimi sikujua kama iko ziwa."

"Nyamaza," Denise akasema bila kugeuka. "Kesho, mbele ya kanisa yote, nitasema bwana yangu alinitafutia ziwa miaka hii yote, mpaka akaipata. Usiniharibie."